Naomba ushauri: waridi la njano lenye harufu, mti mfupi, kwa uani padogo hapa Dar

MamaWawili_Sinza
Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa mawaridi, hasa wanaoyapanda hapa hapa Dar na siyo mikoa ya baridi.

Naishi Sinza. Uani nina kipande cha ardhi kama mita 2 kwa 3, kati ya ukuta wa jirani na tangi la maji. Jua linaingia saa moja na nusu asubuhi, likifika saa saba ukuta unaleta kivuli. Nimekulia Lushoto. Mlangoni kwa mama kulikuwa na mwaridi wa njano, mfupi, haukufika kiunoni, na asubuhi ukitoka kwenda shule harufu inakupokea kabla hujamaliza kufungua komeo. Mama alifariki mwaka juzi, nyumba ikauzwa, na mti ule sikuchukua hata kijiti. Ndiyo maana nautaka wa njano. Naomba sana msiniambie nipande mwekundu.

Mwezi wa nne nilinunua mche kwa wauza miche wa barabarani, nikaambiwa ni wa kubebeshwa na una harufu. Nikaupanda ardhini. Sasa ni miezi mitano na hali ni hii:

Ua linafunguka alfajiri likiwa njano kama kiini cha yai la kienyeji. Saa sita limepauka, kesho yake petali ziko chini. Harufu ipo lakini mpaka uzamishe pua. Majani ya chini yana madoa meusi yenye kingo zilizochanika kama wino uliomwagika kwenye karatasi, pembeni ya doa jani linakuwa njano, halafu linadondoka. Mengine yamekauka ncha kama yameunguzwa. Ila chini kabisa yametoka machipukizi mawili yenye nguvu, yananyooka kama fimbo, yameshapita urefu wa mti wenyewe. Hayo ndiyo yananipa moyo.

Namwagilia kila jioni kwa mpira, maji ya kisima, nauogesha wote mpaka majani yanang'aa.

Nakosea wapi? Na je, kuna aina ya njano, fupi, yenye harufu, inayovumilia joto letu?

Kipepeo_Tabata
Pole kwa kufiwa na mama. Mimi nimejaribu mara tatu, mara tatu nimepoteza. Joto la Januari na Februari lilimaliza yote. Nikahamia kwenye asumini na sijajuta, jioni nyumba nzima inanukia. Nakuambia kwa nia njema.

FundiMiche
Dada, usikate tamaa. Nilifanya kazi miaka sita kwenye mashamba ya maua Usa River kabla ya kuhamia Dar, na hapa nina miwaridi 11 Kimara. Inaishi. Ila mti wako una matatizo matatu tofauti, na ukiyatibu kama moja hutafika.

Nianze na hayo machipukizi yanayokupa moyo, maana ndiyo yanayoua mti. Mche wa kubebeshwa ni mimea miwili: chini kuna shina la mwaridi mgumu wa porini lenye mizizi imara, juu yake kimebandikwa kijicho cha waridi unalolitaka. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, hilo siyo la njano, ni la yule wa chini, naye anakula chakula chote. Fukua udongo taratibu kwa vidole mpaka uone pale shina lilipovimba kama goti. Chipukizi lililoota chini ya goti, shika karibu kabisa na shina, livute kwa nguvu kuelekea chini mpaka ling'oke na kisigino chake. Usilikate kwa mkasi, ukikata tu litarudi na wenzake wanne.

La pili ni maji ya jioni juu ya majani. Madoa hayo ni ugonjwa wa ukungu. Mbegu zake zinahitaji jani libaki na maji kama saa 7 hivi ndipo ziingie, na wewe unamwagilia jioni, jani linalala limelowa mpaka asubuhi. Hamisha saa tu: mwagilia saa kumi na mbili asubuhi, chini kwenye shina, jani lisiguswe. Okota kila jani lenye doa, lililoanguka na lililo mtini, litupe mbali na usilitie kwenye mboji. Funika udongo kwa majani makavu au pumba ili tone la mvua lisirushe ukungu kutoka chini kwenda juu. Ikishindikana, duka la pembejeo watakupa dawa ya ukungu yenye mankozebu. Vaa glavu na barakoa, na usipulize watoto wakiwa uani.

La tatu ni kisima. Ncha za majani kuungua namna hiyo, kwa macho yangu ni chumvi. Onja maji yako. Kama ulimi unaihisi, mizizi inaihisi mara kumi. Kinga maji ya mvua za vuli kwenye madumu. Ukiwa huna budi kutumia ya kisima, basi mara moja kwa wiki mimina maji mengi yasiyo na chumvi yaoshe udongo.

BiMkubwa_Upanga
Mwanangu, Mungu amlaze mama yako mahali pema. Hilo la harufu limenigusa, ndiyo maana nimeshika simu.

Bibi yangu alikuwa anafunga vikuba: asumini, mrehani, mkadi, na waridi katikati. Mawaridi aliyachuma alfajiri, umande ukiwa bado juu yake, na alikuwa mkali sana kwa hilo. Jua likishapanda, alikuwa anasema, harufu imeshaondoka na wenyewe. Ni kweli, mafuta ya harufu yako kwenye petali na joto linayarusha. Kwa hiyo usiupime mti wako saa sita mchana. Toka saa kumi na mbili na nusu, siku ambayo hakuna upepo, ndipo useme una harufu au hauna.

Mimi nautoa ardhini na kuuweka kwenye chungu. FundiMiche anisamehe kama hakubaliani. Udongo wetu mwingi ni mchanga mtupu, na kwetu sisi tulio karibu na bahari una vipande vya matumbawe. Maji hayakai, na pale penye matumbawe majani machanga yanatoka njano na mishipa inabaki kijani, mti unakuwa na njaa ya madini ya chuma hata ukiupa samadi. Kwenye chungu udongo ni wako: ndoo mbili za udongo mwekundu, moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, nusu ya pumba za mpunga zilizochomwa. Chungu kina cha sentimita 40 au zaidi, cha udongo wa kufinyanga na siyo cha plastiki nyeusi. Plastiki nyeusi juani Februari inapika mizizi. Tena Januari likizidi, unakiburuta kivulini.

FundiMiche
Bi Mkubwa, shikamoo. Sibishi sana. Ila chungu kinataka maji kila siku, na mwenye kazi ya kutwa akisahau siku mbili za Februari, amepoteza. Sinza siyo ufukweni. Mimi ningechimba shimo la sentimita 50 kila upande, nitoe mchanga, nijaze mchanganyiko huo huo wako. Mizizi ikienda chini inapata ubaridi.

Msomi_wa_Maua
Nijibu swali la aina, maana naona limepitwa.

Kwanza ujue kwa nini waridi la njano ni dhaifu kwa madoa. Mawaridi ya bustani ya Ulaya yalikuwa meupe, ya pinki na mekundu, njano iliyokolea haikuwepo. Mfaransa Joseph Pernet-Ducher wa Lyon ndiye aliyefanikiwa kuiingiza kwa kutumia waridi la njano la Uajemi, na mwaka 1900 akatoa Soleil d'Or. Karibu mawaridi yote ya njano iliyokolea tunayoyaona yanatoka kwenye ukoo huo, na ukoo huo ulirithisha rangi pamoja na udhaifu kwa madoa meusi. Kwa hiyo wewe hukuchagua mti mbovu. Umechagua rangi inayotaka uangalizi zaidi.

Fupi zenye harufu: Friesia ya Kordes wa Ujerumani, ambayo Marekani wanaiita Sunsprite na Uingereza Korresia, inafika kama sentimita 75 na njano yake haipauki haraka. Julia Child, iliyotolewa Marekani mwaka 2006, nayo ni fupi, ina rangi ya siagi, na Julia Child mwenyewe, yule mpishi maarufu wa Marekani, aliichagua kabla hajafariki mwaka 2004. Inasifika kwa kustahimili joto na magonjwa. Arthur Bell ya mwaka 1965 ina harufu kubwa lakini inapauka na kuwa krimu, na inarefuka kidogo.

Shida ni kwamba barabarani miche haina majina, unaambiwa "ya njano" tu. Basi nunua ukiwa umeona ua lake, na nenda asubuhi unuse mwenyewe. Mche uliochanua mchana juani hauwezi kukuambia kitu.

MamaWawili_Sinza
Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana. Jana asubuhi nilifukua. Goti nimeliona, na machipukizi yote mawili yametoka chini yake. Nilipoangalia vizuri, majani yake yana vipande saba vidogo, na ya juu yana vitano vipana, kumbe tofauti ilikuwa wazi siku zote. Moja limeng'oka na kisigino, la pili nilipambana nalo mpaka nikachubuka kiganja. Maji ya kisima nimeonja. Yana chumvi.

Kuna kitu kingine. Baada ya kusoma maneno ya Bi Mkubwa sikulala. Asubuhi nikampigia jirani yetu wa zamani Lushoto, nikamuuliza habari za ile nyumba. Akaenda mwenyewe, akanipigia akiwa pale pale mlangoni. Mti upo. Wenye nyumba wamesema nije nichukue vikonyo nitakavyo. Nasafiri Ijumaa. Nichukue vingapi, na nivibebeje visife njiani?

FundiMiche
Chukua 10, kwa sababu njano ni wagumu kutoa mizizi na utapoteza zaidi ya nusu. Chagua tawi lililotoka kumaliza kuchanua, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20, kata chini ya kifundo kwa wembe. Ondoa majani yote, acha mawili ya juu. Zungusha gazeti lililoloweshwa, halafu mfuko wa plastiki, na usiweke kwenye buti la basi, weka miguuni. Ukifika usiku huo huo vipande viingie kwenye mchanga wenye mboji, nusu urefu, kivulini, na kila kimoja ukifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako. Wiki 4 hadi 6 usivute kuangalia mizizi.

Na yale machipukizi mawili uliyong'oa, kama bado mabichi usiyatupe. Yakate vipande, yachomeke pembeni, hayo yanashika kirahisi. Vikonyo vya mama vikigoma kutoa mizizi, utarudi Lushoto mara nyingine kuchukua vijicho, na mimi nitakuja Sinza nikubebeshee juu yake.

BiMkubwa_Upanga
Ondoka na taulo dogo ulilowe, gazeti linakauka Korogwe. Na ukifika pale mlangoni, fika asubuhi.