Toyota Mark X ya cc 2499: nichukue au niache?

Wakuu, nataka Mark X iliyotumika, injini ya 4GR. Natembea kilomita 50 kwa siku, foleni za Dar. Nitaimudu?

— Mkuu, kwa foleni hesabu kilomita 7 kwa lita, yaani lita 7 kila siku. Oili nayo inameza lita 6 na ushee kila ukimwaga ya zamani na kuweka mpya.

— Kinachoisumbua 4GR ni kaboni, yaani masizi yanayoganda kwenye valvu. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haioshi valvu za hewa. Iwashe injini ikiwa imepoa kabisa: ikitetemeka au ikitoa moshi wa bluu, achana nayo. Chomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili) pia uone kiwango, maana nyingi zinakula oili.

— Plagi ni 6, za iridiamu. Ulizia bei ya moja, kisha zidisha.