Bili ya maji ya ploti imeruka ghafla, hizi mbinu za kusave zinasaidia ama ni maneno ya baraza tu?

NyarMigosi

Habari za jioni wadau. Niko Migosi hapa Kisumu, mzee aliniachia ploti ya nyumba nane niangalie, sio ghorofa, ni zile za mstari mmoja choo ndani, na zote zinakunywa kutoka mita moja ya maji. Wapangaji hulipa maji pamoja na rent, mia tano kila nyumba, tulielewana hivyo zamani na haijawahi kunisumbua. Sasa bili ya mwezi jana imekuja yunit 61 na kawaida yetu ni 38, 37, mwezi wa Desemba wageni wakijaa tukaenda mbali sana ni 41. Hakuna aliyehamia, hakuna mtoto amezaliwa, hakuna mtu ameanza kuosha bodaboda za watu pale nyuma (hiyo ndio niliangalia kwanza, nawajua watu wangu).

Kuna siku watu wa maji walikuja kwa baraza ya chifu na mabango, ati funga mfereji ukipiga mswaki, weka chupa ndani ya sisteni ya choo, osha vyombo kwa karai, maji ya kusuuza nguo mwagia sukuma. Tukapiga makofi tukaenda nyumbani. Nikawaambia wapangaji wote wafuate hayo maneno na sasa nimekosana na nusu ya ploti, mama wa nyumba ya pili ameniuliza nimuonyeshe hizo yunit 23 alizinywa siku gani.

Swali langu, mtu akianza kusave kwa ukweli anaanzia wapi? Na hizi mita ndogo za kila nyumba zinasaidia? Halafu kuna bedsita mbili nyuma zinashare mita moja ya tokeni, mmoja ana shawa ya stima na mwingine hana hata pasi, kila wiki ni vita ya nani amemaliza tokeni. Nisaidieni kabla nirudishie mzee ploti yake.

TokeniImeisha

Mimi niko Nakuru na haya mambo ya kuambiwa nisave nilishaachana nayo. Kwetu kuna bomba limepasuka kando ya barabara, wiki ya tatu sasa, bata wa jirani wameanza kuogelea hapo, halafu mtu anakuja kuniambia nipige mswaki na kikombe. Nchi hii zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa hayalipiwi, hiyo ni ripoti ya Wasreb wenyewe, wale wasimamizi wa kampuni za maji, sio mimi.

OmeraNyalenda

@TokeniImeisha hiyo asilimia usiisome kama yote yamemwagika barabarani. Ndani yake kuna bomba zilizopasuka ndio, lakini kuna pia watu wamejiunganishia usiku na mita za kale ambazo hazisomi vizuri. Huku Nyalenda Kiwasco, kampuni ya maji ya Kisumu, walifika mahali wakaanza kuuzia maji kwa jumla watu wa mtaa, tunawaita maste opereta, mtu anachukua laini yake, anaunganishia majirani, anasoma mita na kukusanya pesa mwenyewe. Sasa kama yeye ndiye anayelipia kila tone linalopita kwa mita kubwa, unafikiri ataacha jirani ajiunganishie bure? Anatembea na laini yake kama mtu anachunga ng'ombe. Hapo ndio niliona kusave kunakuja lini, ni mtu akiwa na mita yake na bili yake.

Nyar Migosi, yunit 23 haziwezi kuwa mswaki. Hesabu, yunit moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Mara 23 ni mitungi 1,150. Hiyo maji iko mahali inapita saa hii tukiandika.

fundi_wa_Bondeni

Dada nyarmigosi mimi ni fundi wa maji hapa Nakuru, pole na wapangaji. Usimlaumu mtu bado, fanya kitu moja ya bure kwanza. Lakini niambie, una tangi juu ama maji inaingia moja kwa moja kwa nyumba?

NyarMigosi

Iko tangi ya lita 5,000 kwa stendi, inajaa kutoka laini halafu ndio inashuka kwa nyumba.

fundi_wa_Bondeni

Sawa, hapo ndio watu hukosea, wanaangalia mita usiku wanaona inazunguka wanasema kuna liki, kumbe ni tangi inajaa tu. Fanya hivi. Usiku saa tano hivi watu wakilala hakikisha tangi imejaa mpaka boli valvu, ile ya boya ndani ya tangi, imefunga, kisha funga geiti valvu ile inaingiza maji kwa tangi. Nenda kwa mita na tochi, kuna namba nyeusi na nyekundu, nyeusi ndio yunit na nyekundu ni lita, na kuna kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka na umefunga valvu, bomba imeliki chini ya udongo kati ya mita na tangi, tafuta mahali nyasi ni kijani kuliko kwingine. Kikisimama kabisa basi hiyo upande iko sawa na shida iko kwa nyumba. Andika namba nyekundu ulale. Saa kumi na moja kabla hawajaamka fungulia valvu, tangi ijaze mpaka boli valvu ifunge tena, soma namba tena. Lita zilizoingia hapo ndio zilitoka usiku watu wakiwa wamelala, toa wale wawili watatu wanaoamka kwenda choo.

Ikipita lita 50 nenda kwa vyoo. Sio mifereji, vyoo. Mfereji ukidondoka tone moja kila sekunde unapoteza kama lita 20 kwa siku, hiyo ni mtungi mmoja, lakini sisteni ambayo raba ya chini imechoka inapitisha mamia ya lita na hakuna mtu anaona kwa sababu maji inateremka kimya ndani ya bakuli. Wazee walisema chururu si ndo ndo ndo, basi choo ndio chururu. Chukua ile bluu ya kufulia nguo nyeupe, koroga kidogo ndani ya sisteni, mwambie mwenye nyumba asiflashi nusu saa. Bluu ikionekana kwa bakuli, umepata mwizi wako.

Na kuhusu chupa ya baraza, inafanya kazi, sisteni za zamani ni lita 9 na chupa ya lita moja iliyojaa maji inakatia lita moja kila kuflashi. Ploti yako ikiflashi mara 100 kwa siku hiyo ni lita 100, karibu yunit 3 kwa mwezi, si mbaya. Lakini usiweke tofali, inamomonyoka inaenda kuharibu raba, na kama kuflashi kumekuwa dhaifu mpaka mtu anaflashi mara mbili toa hiyo chupa, umepata hasara.

mulembe_kk

Mulembe. Mimi niko Kakamega na nashangaa hakuna mtu ametaja mvua. Huku kwetu inanyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na hesabu yake ni rahisi mpaka mtoto wa darasa la sita anaiweza, milimita moja ya mvua juu ya mita moja mraba ya mabati ni lita moja. Nyumba yangu ina mabati mita mraba 60, mvua ya jioni moja ya milimita 30 ni lita 1,800, hata ukitoa ile inaruka nje ya gata bado ni mitungi 70 na kitu. Niliweka gata na tangi, maji ya kwanza namwaga kwa sababu yanaosha mavi ya ndege, hiyo ingine ni ya kufua, choo, na ng'ombe. Maji ya kampuni nabakisha ya kupika na kunywa.

Na wewe wa Nakuru unayecheka mswaki, nyinyi ndio mngekuwa mbele na mvua. Maji yenu mengi yanatolewa kwa visima vya Kabatini na Baharini, yana floraidi, meno ya kahawia si mnayaona, na kila lita inavutwa na pampu ya stima kutoka chini. Ukimwaga maji umemwaga na stima yake.

OmeraNyalenda

Hiyo ya pampu ni kweli hata kwetu, maji ya Dunga yanavutwa kutoka ziwani na yale ya Kajulu yanateremka tu yenyewe kutoka mlimani. Mmoja anakula stima mwingine anakula mteremko.

Nirudi kwa swali la mita ndogo. Zitamaliza vita ya nani ametumia nini, hiyo ndio. Lakini haziteremshi bei, kwa sababu kampuni inasoma mita kubwa tu. Na bei ya maji inapanda kwa ngazi, kwa kampuni nyingi ngazi ya kwanza ya bei nafuu inaishia yunit 6. Sasa angalia, nyumba zako nane zikitumia yunit 38 ni chini ya yunit 5 kila moja, wote ni watu wa ngazi ya kwanza! Lakini kwa sababu ziko kwa mita moja bili inawaona kama mtu mmoja mwenye bwawa la kuogelea. Na kama mko kwa laini ya maji taka hiyo nayo inahesabiwa kwa maji uliyotumia, kwa hivyo hata ile iliyoliki unailipia mara mbili. Enda ofisini uulize mambo mawili, kuunganishiwa mita nane ni pesa ngapi, na kama wana bei ya nyumba za wapangaji, kuna kampuni huwa nayo. Uende na bili za miezi mitatu mkononi.

TokeniImeisha

Sawa mmenipata hapo kwa floraidi, meno yangu tuyaache.

Wacha nisaidie kwa stima basi, hiyo najua (jina langu mnaliona). Bedsita zako zina shida hiyohiyo ya ngazi. Stima ya nyumbani iko na makundi, mpaka yunit 30 kwa mwezi ndio bei ya chini kabisa, halafu mpaka 100, halafu juu ya hapo, na wanaangalia wastani wa miezi mitatu sio mwezi mmoja, kwa hivyo ile hekaya ya kununua tokeni kidogo kidogo ya mia mia ili upate yunit nyingi wachaneni nayo. Huyo asiye na pasi peke yake pengine hafiki yunit 25. Akishare na mtu wa shawa anapandishwa naye. Mita mbili, hakuna dawa ingine.

Na hiyo shawa, ni kilowati 5 hivi. Dakika 10 kila siku ni yunit 25 kwa mwezi, mtu mmoja, kuoga tu! Birika mbili za maji moto ndani ya ndoo ya kuchanganya hazifiki hata nusu yunit kwa siku. Na Kisumu na hilo joto mtu anaoga moto ya nini jamani. Wengine wataambia huyo kijana aoge usiku ndio stima iko bei ya chini, aachane na hiyo, ile bei ya usiku iliyoanza 2017 ni ya viwanda na biashara, ya nyumbani haina saa.

Balbu nayo msidharau. Kama 2010 hivi Kenya Power walipita wakichukua balbu za kale na kutoa za kusave bure, mama yangu aliweka zake kwa kabati ati ni za wageni. Balbu ya wati 60 masaa matano kila jioni ni yunit 9 kwa mwezi, ya LED ya wati 9 haifiki yunit moja na nusu. Ukinunua friji angalia ile stika ya nyota za EPRA, wasimamizi wa kawi, nyota nyingi ndio nzuri, na usinunue ya mtumba ukafikiri umesave.

NyarMigosi

Nimerudi baada ya siku tatu, sikulala vizuri lakini asanteni. Nilifunga valvu saa tano kasoro, mita ikasimama tuli, moyo ukashuka. Saa kumi na moja nikafungulia tangi ijae, namba nyekundu ikasema lita 196. Watu wamelala! Nikaingia na bluu nyumba kwa nyumba kama daktari wa chanjo, nyumba ya sita kabla hata ya dakika kumi bakuli limekuwa bahari. Kijana anasema hiyo sauti ya ssss amekuwa akiisikia tangu mwezi ule, alifikiri ndio choo za mjini zinavyofanya, akawa anaweka redio ndio apate usingizi.

Raba na kazi ya fundi mia sita. Usiku uliofuata nikarudia, lita 14. Mita nane nitauliza ofisini Jumatatu, na bedsita mwenye shawa amesema afadhali ahame kuliko aoge baridi, kwa hivyo huyo tumpe mita yake.

fundi_wa_Bondeni

196 kwa masaa sita ni kama 780 kwa siku, mara 30 ndio hizo yunit zako 23. Nyumba zingine weka bluu kila miezi mitatu, raba zilinunuliwa siku moja zitachoka pamoja.

OmeraNyalenda

Na mama wa nyumba ya pili umemwomba msamaha?

NyarMigosi

Nimempelekea omena debe ndogo. Amesema ni kavu, niongeze samaki mbichi.