Naombeni ushauri: Canon R50 au R6 Mark II kwa kazi za sherehe? Nipo Moshi, Desemba imeshafika mlangoni

MtotoWaRau
Habari za jioni wakuu. Nipo njia panda na muda unanibana. Mimi ni mpiga picha hapa Moshi: harusi, sendofu, kipaimara, ubatizo. Kwa sasa natumia 600D yangu ya zamani, nataka niachane na kamera zenye kioo ndani (DSLR) nihamie kwenye hizi zisizo na kioo. Nimebakiwa na mbili. Kuna R50 ambayo duka moja la Arusha wananipa na lenzi yake ya 18-45 kwa milioni 2.2, na R6 Mark II bodi tupu milioni 6.9. Mkononi nina milioni 4 na ushee. Desemba ya kwetu mnaijua, watu wote wanapanda nyumbani, kila Jumamosi kuna ndafu mahali. Nikikosea sasa msimu umenipita. Jambo moja silegezi: lazima iwe na sloti mbili za kadi. Naombeni ushauri, matusi hapana.

KijanaWaSakina
R6, usijiulize mara mbili. Mteja wa siku hizi anaangalia umeshika nini kabla ya kuangalia picha zako. Mwaka jana nilienda kikao cha harusi Njiro na kakamera kadogo, mwenyekiti wa kamati akaniuliza mbele ya watu, "Kijana, kameramani mwenyewe anakuja saa ngapi?" Nimekaa na neno lile mpaka leo.

FundiLenzi
Dogo, tuanze na hesabu. R50 na R6 Mark II zote ni megapikseli 24. Ukichapa picha ya kutundika sebuleni kwenye mwanga mzuri, mama mkwe hataona tofauti. Tofauti inaanza jua likizama. R6 ina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) kubwa, ya fremu kamili, na bodi inayotuliza mtikisiko wa mkono, kwa hiyo kwenye ukumbi wenye taa za zambarau unapandisha ISO (usikivu wa mwanga) hadi 6400 bila hofu. R50 sensa yake ni ndogo, bodi haitulizi kitu, na sloti ya kadi ni moja tu, tena imekaa chini pamoja na betri. Ukiwa umeifunga kwenye stendi, kubadilisha kadi ni mpaka uifungue kwanza.

Lakini bodi tupu haipigi picha. Kwa milioni 6.9 bado huna lenzi, flashi wala betri ya pili. Una milioni 4. Hizo nyingine zinatoka wapi?

MtotoWaRau
Asante sana mkuu. Nyingine nitajua pa kuzipata, hilo lisiwaumize kichwa. Mimi nauliza kamera tu.

Dereva wa Karatu
Mimi naongoza watalii, picha nazionea kwenye gari. Nilikuwa na mgeni kule Ngorongoro, mzee, ana kamera ya bei ya pikipiki tatu, lenzi ndefu kama chupa ya chai. Mkewe kashika kamera ndogo ya kuanzia. Faru akatokea mbali upande wa kushoto. Mzee anahangaika kubadilisha lenzi, upepo unavuma, na hizi kamera zisizo na kioo ukitoa lenzi sensa inabaki uchi. Vumbi likaingia. Siku mbili zilizofuata kila anga la picha zake lina madoa. Mama wa watu kapiga faru wake kwa utulivu na picha anayo. Sisemi ununue ndogo. Nasema ijue kamera yako kwanza.

Mangi Mstaafu
Vijana mnapenda vyuma. Nilipiga picha Marangu na Kilema kwa roli za picha 36. Harusi nzima roli tatu, na moja naiacha kwa ajili ya keki. Kila kubonyeza ilikuwa ni pesa, kwa hiyo tulisubiri uso utulie. Leo mtu anarudi na picha elfu mbili, nzuri ishirini. Usikope kununua kamera, mwanangu. Deni halilali.

Mama Glory
Mimi si mtaalamu, mimi ni mteja. Kipaimara cha binti yangu mpiga picha alikuja na kamera nzuri tu, lakini wakati baba askofu anampaka mtoto mafuta yeye alikuwa nje anaongea na simu. Mpaka leo ile dakika sina. Kwa hiyo nikuulize kama mteja, baba: kwa nini umeng'ang'ania sloti mbili? Umesema silegezi. Mtu husema hivyo akiwa ameumia.

FundiLenzi
Swali la mama ndilo langu. Kama sloti mbili ndiyo shida, kuna R7. Sensa ndogo kama ya R50, ila ina sloti mbili za SD, bodi inatuliza mtikisiko, na ilitoka 2022 kwa dola 1,499 wakati R6 Mark II ilitoka mwaka huohuo kwa dola 2,499. Ukichukua na adapta, lenzi zako za zamani za EF zinakaa vizuri. Ila kumbuka sensa hiyo inakuza mara 1.6. Lenzi yako ya 50 itaona kama ya 80, kwenye sebule za Pasua utapigia picha dirishani. Uwe na lenzi pana. Sasa jibu swali la mama.

MtotoWaRau
R7 nimeiona, siipendi. Nikishika R6 mkononi naona kabisa hii ndiyo kazi. Halafu nimeshaweka advansi milioni mbili juzi, na walisema hairudi. Kwa hiyo naomba tujadili jinsi ya kumalizia.

KijanaWaSakina
Aisee! Sasa umekuja kuomba ushauri au baraka?

Mama Glory
Hujanijibu.

MtotoWaRau
Sawa mama. Shikamoo. Nasema.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na harusi. Kanisani nimepiga kama picha 310, zote safi, nimeziangalia mwenyewe. Tukaenda ukumbini. Umeme ukakatika, jenereta likachelewa, mshereheshaji anaita maharusi waingie. Nikachomoa ile CF gizani nikaitia mfukoni mwa shati, nikaweka nyingine kwenye kamera, au nilidhani ni nyingine. Kamera ikaniambia kuna picha, nikajua ni za wiki iliyopita, nikafomati. Nikapiga maingilio, shampeni, ndafu. Kama picha 140 hivi. Nilipokaa kula ndipo nikashika mfuko wa shati. Kadi iliyokuwa mfukoni ilikuwa tupu. Nilikuwa nimefomati kanisa.

Ndugu wanapiga simu kila siku kuuliza picha. Nimewaambia zipo kwenye kuhaririwa. Ndiyo maana nataka sloti mbili. Sitaki yanikute tena.

Mangi Mstaafu
Pole sana mwanangu. Hilo ni jeraha.

FundiLenzi
Subiri. Baada ya kugundua, uliendelea kupiga kwenye kadi hiyohiyo?

MtotoWaRau
Hapana. Nilihamia ile tupu. Ile nyingine nimeiweka kwenye bahasha sijaigusa.

FundiLenzi
Basi usiiguse. Kufomati kwenye kamera mara nyingi hakufuti picha zenyewe, kunafuta orodha ya mahali zilipo. Picha hubaki hapo mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Kuna programu inaitwa PhotoRec, ni ya bure, inasoma kadi nzima kipande kwa kipande na kuokota picha bila kutegemea orodha. Na kwa kadi iliyokuwa tupu, kamera kwa kawaida huanza kuandika mwanzoni. Kwa hiyo hizo 140 za ukumbini zimeketi juu ya 140 za mwanzo za kanisani. Zilizofuata kuna matumaini makubwa.

NyundoYaMajengo
Wakuu nimesoma uzi wote, mbona mnakunywa chai kwa furaha hivi? Rudini juu. Jamaa kasema ana 600D. 600D inatumia SD, ndogo ile. Hapa anasema "nikachomoa ile CF". CF ni pana, inakaribia kiberiti, haiingii kwenye 600D hata kwa nyundo. Huyu kasoma mahali akaja kututungia. Na angalieni bei alizotaja: duka la Arusha, milioni 2.2, milioni 6.9. Hili ni tangazo, kesho ataweka namba ya simu.

KijanaWaSakina
Duh. Kweli kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaumia roho.

Dereva wa Karatu
Mpeni nafasi aseme. Mtu aliyechanganyikiwa huchanganya hata jina la mkewe.

NyundoYaMajengo
Mpiga picha hachanganyi kadi yake. Ni sawa na dereva kusema amejaza petroli kwenye gari la dizeli. Weka picha ya hiyo kadi sasa hivi, na karatasi yenye tarehe ya leo.

Mama Glory
Amekaa kimya saa nzima.

MtotoWaRau
Nimeweka picha hapo chini. Kadi ya CF ya 16GB, karatasi ina tarehe ya leo, bahasha ni ileile.

Nyundo yuko sahihi kuhusu 600D. Sina 600D. Niliwahi kuwa nayo, niliiuza mwezi wa tatu mdogo wangu alipolazwa. Kamera niliyopigia ile harusi ni 5D Mark II ya bosi wangu. Nafanya kazi kwenye studio yake mwaka wa tatu sasa. Harusi ile niliipata mwenyewe, nje ya studio, laki nane, wakalipa zote mapema. Ijumaa nilimwambia bosi naenda na kamera nyumbani kuisafisha. Zile laki nane zimo kwenye advansi niliyoweka dukani. Nilitaka ninunue yangu haraka, nirudie hata picha za maharusi wakiwa wamevaa upya, halafu niache kazi kabla hajajua.

Sijawahi kuiba kitu maishani. Naandika hapa mikono inatetemeka.

NyundoYaMajengo
Nimeiona kadi. Nafuta niliyosema kuhusu tangazo. Lakini hiyo ya bosi ni mbaya kuliko uongo.

Mangi Mstaafu
Mimi nilikuwa na vijana wanne studio. Mmoja alichukua kamera akarudisha na kamba mpya shingoni, nikajua siku hiyohiyo. Nilimsubiri aseme. Hakusema, akaondoka Dar, na mpaka leo sikasirikii kamera. Nakasirikia ule ukimya wake. Mwambie bosi wako mwenyewe kabla ndugu wa maharusi hawajafika studio. Moshi ni mji mdogo, watafika.

KijanaWaSakina
Mimi kwa kweli ningemaliza R6 kwanza ndiyo nimwambie. Ukimwambia ukiwa huna kamera, Desemba utaishi vipi?

FundiLenzi
Kijana, acha. Dogo, nisikilize mambo matatu halafu nikuache. Kwanza, kisomaji cha kadi za CF ninacho, laptopu ninayo, nipo Arusha karibu na soko la Kilombero. Kesho panda Kosta ya asubuhi uje na bahasha. Sitaki hela. Pili, ukiwa mjini pitia dukani uwaombe advansi ihamie kwenye R7. Hawarudishi pesa, lakini kubadilisha bidhaa wengi hukubali. Tatu, sloti mbili ni nzuri, nami situmii kamera ya sherehe bila hizo, ukiziweka ziandike picha ileile pote. Ila ulichokosa Jumamosi si sloti. Nunua kasha la kadi la shilingi chache. Kadi iliyojaa igeuze uso chini, tupu uso juu, na kamwe usiweke kadi mfukoni mwa shati.

Mama Glory
Na picha za maingilio ya kanisani ambazo hazitarudi, ziombe kwa wageni. Mashangazi wote walikuwa na simu juu, nakuhakikishia. Wapigie maharusi useme ukweli, kisha uombe. Ukiwaambia mwenyewe watakasirika siku moja. Wakijua kwa wengine ni maisha.

MtotoWaRau
Wakuu, mrejesho. Jana nilikuwa Arusha. FundiLenzi ni mtu kweli, kaniwekea hadi chai. Programu ilikaa kama dakika arobaini, namba zinapanda, mimi naangalia ukuta. Tumeokota picha 163 nzima, na chache zimekatika nusu, chini kijivu kitupu. Viapo vipo. Pete ipo, hata kidole cha bwana harusi kikiwa kimevimba na padri anacheka. Bibi harusi akiingia na baba yake haipo hata moja.

Nimempigia bibi harusi jana usiku. Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akasema shangazi yake wa Kibosho alichukua video ya mlangoni, ataniunganisha naye.

Dukani wamekubali kuhamisha advansi. R7 nitamalizia mwezi ujao, lenzi nitaanza na ya mkono wa pili. Bado nikifumba macho naiona ile R6, siwadanganyi.

Bosi nimemwambia leo asubuhi, kabla hatujafungua. Hakusema neno. Alichukua 5D, akafungua kimlango cha kadi, akachungulia ndani kwa tochi ya simu kuangalia zile sindano kama kuna iliyopinda, akafunga. Akasema nije kesho saa mbili. Sijui ni kazi au ni kufukuzwa.

Mama Glory
Nenda saa mbili kasoro.