Naomba ushauri: Moshi hadi Tanga kwa baiskeli, vidole vinakufa ganzi

Habari zenu wakuu, nipo Moshi hapa Pasua, tuna kikundi chetu cha baiskeli watu kumi na wawili na mwezi ujao tunataka kwenda Tanga, kama kilomita 350, siku nne, tunalala Same, Mombo, Segera halafu tunamalizia Tanga mjini. Nimeitamani hii safari miaka na miaka yani.

Sasa jumapili iliyopita tumejipima Moshi hadi Mwanga na kurudi, kama kilomita mia hivi, upepo wa usoni mpaka basi, miguu iko poa kabisa ila kidole kidogo na cha pete mkono wa kulia vilikufa ganzi, jumatatu asubuhi nikashindwa kufunga kifungo cha shati. Fundi anasema siti imeinama mbele ndo maana uzito wote unashukia mikononi, mwenzangu anasema ninunue glavu zenye sponji. Nianze na kipi?

Na jingine, Same kwenda Mombo ndo siku ndefu, kama kilomita 115 na jua la Makanya na Hedaru mnalijua, maji nibebe lita ngapi na niongeze chumvi au ORS inatosha? Alafu malori ile barabara ni mengi, mnatembeaje kikundi, mstari mmoja wote au mnagawana vikundi vidogo?

Waliowahi kupiga safari za siku nyingi naombeni mnisaidie, sitaki kuishia Same nipandishwe basi.