Siku nzima kwa miguu ndani ya Lubumbashi kabla ya mvua: tupeane uzoefu

Mtembezi wa Kalubwe

Wazazi, wayaya (wakubwa wetu) na wadogo wa humu, jambo yenu.

Baridi ya Juni na Julai imekwisha, upepo wa Agosti umepungua, na mvua bado. Jakaranda zimechanua, ukipita barabara za zamani za mjini unakanyaga maua ya zambarau. Ndugu zetu walio Ulaya wanangoja Machi ndipo miti yao ichipue. Huku kwetu miti huchipua Septemba na Oktoba, hata kabla tone la kwanza halijaanguka. Novemba mvua zikishika, njia za kartie (mitaa yetu) zinakuwa tope na hamu ya kutembea inakwisha. Kwa hiyo muda wetu ni huu.

Ninaomba kila mmoja asimulie siku aliyoitumia kuzunguka Lubumbashi kwa nguvu zake mwenyewe, kwa miguu au kwa kinga, yaani baiskeli. Safari za maporomoko ya Lofoi na mashamba ya nje ya mji tuziweke kando. Sema ulianzia wapi, saa ngapi, ulikula nini, ulimkuta nani. Inaniuma kusikia vijana wakisema Lushi, yaani Lubumbashi yetu, hakuna pa kwenda bila feza. Wengi wao wanaujua mji kwa dirisha la basi tu.

Naanza mimi. Napenda Jumamosi. Natoka nyumbani asubuhi na mapema, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi, nashuka mpaka kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, halafu uwanja wa Posta penye sanamu ya Moïse Tshombe, kiongozi wa zamani wa Katanga. Mji huu ulipimwa mwaka 1910 kwa barabara zilizonyooka, ndiyo maana mgeni hapotei: ukikosa njia, unahesabu kona mbili unajikuta ulipokuwa unataka. Kutoka hapo naelekea jengo la zamani la teatro, ambalo sasa linaitwa Jengo la Tarehe 30 Juni, nakaa kivulini kidogo, ndipo napanda kuelekea ziwa Tshombe. Saa nne natafuta mama mwenye viazi vitamu na karanga. Jua la Oktoba si la kushindana nalo. Mchana kamili uwe mahali penye mti. Saa tisa naanza tena.

Haya, mlango uko wazi.

Kinga ya Katuba

Yaya, asante kwa kufungua hii mada. Mimi ni mtu wa kinga. Safari yangu ninayoipenda kuliko zote ni kutoka Katuba mpaka Kasapa, nyuma ya chuo kikuu.

Naondoka kungali na ubaridi. Napita Kenya, kartie ya hapa mjini, wakati mamama wa sokoni wanapanga nyanya na kumwagia sombe (majani ya muhogo) maji ili isinyauke. Nakata mji kabla magari hayajajaa, naingia barabara ya Kasapa. Saa hiyo ndipo unapokutana na wababa wanaoleta makala (makaa ya kupikia) mjini, magunia yamefungwa juu ya kinga hadi yanampita mwenyewe urefu, na yeye anasukuma kwa mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya kiti. Ukiwakuta kwenye mlima mdogo, shuka usaidie kusukuma. Mimi hufanya hivyo kila mara, na mazungumzo yanayotoka hapo huyapati popote.

Sasa sikilizeni kuhusu miti. Mwezi wa tisa nyasi zote zimekauka, sehemu kubwa imechomwa moto, ardhi ni nyeusi. Halafu juu ya weusi huo unaona majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba kabisa. Kata moja ulishike juani: ni jembamba, laini, linang'aa, mwanga unapita ndani yake na mishipa yote inaonekana. Baada ya wiki chache linageuka kijani. Mvua haijanyesha kwa miezi, lakini mizizi ya miti hiyo inafika chini sana, inakuta unyevu uliobaki. Musuku na mupundu, miti ya matunda ya porini, nayo iko humo. Oktoba ikielekea kwisha, masuku yanaanza kuuzwa kando ya njia kwa mafungu; unavunja ganda la kahawia kwa vidole, unafyonza nyama ya njano ndani na kutema mbegu.

Kurudi kwangu ni jioni, naacha upepo unisukume. Beba pampu, na kamwe usiende bila maji.

Mdogo wa Golf

Sisi tunakimbia kikundi, wasichana watupu, kabla jua halijatoka. Mwanzo watu walikuwa wanatuita majina barabarani. Sasa kuna mamama watatu waliokuwa wanatutazama tu kwenye kona yao, nao wamejiunga, wanatembea haraka nyuma yetu na vitenge vyao. Napenda kuwaona hao kuliko hata mbio zenyewe.

Mzee wa Reli

Wanangu, nimesoma yote, nimefurahi. Mniruhusu niongeze langu.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Treni ya kwanza ilifika hapa mwaka uleule wa 1910 ikitokea kusini, Rhodesia, na mji ukakua kutoka stesheni. Siku yangu ya kutembea naianzia hapo stesheni na kuimalizia Kamalondo. Si mbali, kijana anamaliza haraka. Mimi naifanya nusu siku.

Sababu ni hii. Wakati wa Wabelgiji kulikuwa na ukanda uliotenganisha mji wa Wazungu na cité, yaani mtaa wa Waafrika. Mchana ulivuka kwenda kazini. Usiku ulitakiwa uwe umerudi upande wako, na ukikutwa mjini bila karatasi ulikuwa na kesi. Baba alinionyesha kwa kidole: hapa tulikuwa tunaharakisha. Leo pamejengwa, watoto wanapita na mifuko ya shule, hakuna anayewauliza kitu. Nikifika hapo ninapunguza mwendo makusudi. Nasimama, nanunua karanga, nasalimiana na watu. Nataka miguu yangu ichukue muda wote ule ambao miguu ya baba haikupewa.

Halafu Kamalondo. Uwanja wa Mazembe ule uliofunguliwa 2011 uko pale, na hata siku isiyo na mechi utakuta watoto wanapiga mpira kwenye kila kipande cha ardhi. Mimi damu yangu ni ya Lupopo, timu ya reli, lakini nakaa na rafiki yangu wa Mazembe chini ya mwembe na kubishana hadi jioni. Timu zote mbili zilizaliwa 1939, kwa hiyo hakuna wa kumwambia mwenzake mdogo.

Vijana, muwachukue wazee wenu mtembee nao njia kama hizi. Wanajua vitu ambavyo havijaandikwa ukutani.

Mtembezi wa Kalubwe

Papa, nimesoma habari ya baba yako mara mbili. Heshima kubwa. Naomba nitembee nawe siku moja.

Mama wa Bel-Air

Habari zenu. Mimi nina watoto wanne, kwa hiyo siku yangu inaenda kwa mwendo wa yule mdogo kabisa.

Likizo ya mwisho niliwapeleka bustani ya wanyama kwa miguu kutoka Bel-Air. Majirani walishangaa: watoto wote hao, kwa miguu? Ndiyo. Tulifanya vituo. Kila kituo mmoja wao ndiye kiongozi, anachagua kivuli na anagawa maji. Walifika hawajalia. Kule walitaka simba, lakini waliokaa nao muda mrefu ni sokwe. Niliwaeleza habari za kituo cha JACK, kilichoanzishwa hapa Lubumbashi mwaka 2006, kinacholea sokwe wadogo waliokamatwa mikononi mwa wauzaji baada ya mama zao kuuawa porini. Mtoto wangu wa pili alinyamaza, kisha akauliza nani anawaimbia usiku. Sikuwa na jibu, nilimshika mkono tu.

Wakati wa kurudi tulipumzika kwa mama mmoja anayetengeneza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na hapo ndipo watoto walijifunza kuliko kote. Aliwaita waone. Anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe. Mizizi ya munkoyo ameiponda kwa jiwe mpaka imekuwa nyuzi nyuzi, anaitumbukiza ndani ya uji na kuikoroga. Uji mzito unaanza kulegea mbele ya macho yako, unakuwa mwepesi na kuanza utamu, bila sukari hata kijiko. Ni mizizi yenyewe inayofanya kazi hiyo. Binti yangu mkubwa aliomba kukoroga, akaruhusiwa. Tulikunywa baridi kwenye vikombe vya plastiki, jioni tukafika nyumbani, wakala bukari (ugali) na ndakala (dagaa) na kulala bila kuombwa.

Goti Bovu

Na sisi tusioweza kutembea mbali? Nina tatizo la goti tangu ajali, lakini sitaki kuachwa.

Siku yangu ni makumbusho ya mji. Nashushwa mlangoni, natembea chumba kwa chumba kwa fimbo yangu, na hayo ni mazoezi ya kutosha. Ninachokirudia ni misalaba ya shaba. Ni mizito, pembe nne, mingine midogo kuliko kidole. Wazee wetu walikuwa wanayeyusha shaba na kuimimina kwenye umbo hilo karne nyingi kabla ya kiwanda cha Lubumbashi kuanza kuyeyusha mwaka 1911, na ilikuwa pesa. Katika makaburi ya kale ya upande wa Upemba watu walizikwa nayo. Anayedhani shaba ya Katanga ilianza na Wazungu aende asimame mbele ya kabati lile.

Mkipenda sanaa, fuatilieni pia Biennale, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili yanayoandaliwa na kikundi cha wasanii kiitwacho Picha. Za 2019 na 2022 zilifunguliwa Oktoba, wakati huu huu wa jakaranda.

Mwana-Lushi wa Liège

Nawasoma nikiwa mbali, Ubelgiji. Huku Machi jua likitoka siku moja tu, watu wote wanajaa kando ya mto, hata wazee wenye magongo, kwa sababu wanajua litaondoka. Ninyi mnalo tangu Mei. Tokeni nje, tafadhali, na mtuletee picha za miti ya Kasapa.

Kinga ya Katuba

Yaya wa Liège, picha zinakuja. @Goti Bovu, kinga yangu ina kiti cha nyuma imara kabisa. Jumamosi ukitaka kuona majani mekundu, niambie, nakupeleka taratibu.

Goti Bovu

Nakubali. Saa ngapi?

Kinga ya Katuba

Saa kumi na mbili asubuhi, ili saa nne tuwe tumerudi kabla jua halijawa kali. Uje na kofia.

Ruashi Moja

Mama wa Bel-Air, hiyo munkoyo inauzwa mpaka saa ngapi? Nataka kuwapeleka wadogo zangu.

Mama wa Bel-Air

Mwanangu, fika kabla ya saa saba mchana. Inayobaki inaendelea kuchacha, jioni inakuwa kali, si ya watoto tena. Na umwombe awaache wakoroge wenyewe, hakatai.