Mume kastaafu, yupo nyumbani siku nzima. Nampenda, ila asubuhi yangu imekufa. Nifanyeje?

Mama wa Mjimwema (mleta uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza kunishambulia.

Mume wangu alikuwa mhasibu katika taasisi moja ya serikali kule Posta. Mwaka huu katimiza 60, sheria ikamrudisha nyumbani. Tunamshukuru Mungu karudi salama, hana kesi wala deni la mtu. Tunaishi Mjimwema, Kigamboni. Watoto wameshajitegemea, wa mwisho yuko chuo Morogoro, kwa hiyo nyumbani ni mimi na yeye.

Sasa, miaka yote hiyo mwenzangu alikuwa anatoka kungali giza kuwahi pantoni. Hata daraja lilipofunguliwa 2016 aligoma kulizungukia, anasema njia ya mjini ni baharini. Akishafunga geti, ile saa inayofuata ilikuwa yangu. Nachemsha chai ya rangi, iliki na tangawizi nimeponda mwenyewe. Nachukua vitumbua kwa jirani wa mbele, bado vinachuja mafuta, natoka na kigoda mlango wa nyuma. Redio naiweka chini chini. Viatu navua, miguu naikanyagisha kwenye saruji, asubuhi ile inakuwa ya baridi. Kitumbua cha kwanza nakila kikavu, cha pili nachovya. Hakuna anayeniuliza soksi ziko wapi. Basi. Hiyo ndiyo starehe yangu, sina nyingine ninayoificha.

Siku hizi baba anaamka na mimi. Kanyoa ndevu, shati limepigwa pasi, saa kumi na mbili yuko jikoni kasimama nyuma yangu. "Moto mbona mkubwa hivyo, gesi itafika mwisho wa mwezi?" Redio kaizima, anasikiliza habari zake kwenye simu. Sufuria zangu kazipanga kwa ukubwa, ya maziwa iko juu kabisa nisipofika. Ana daftari la LUKU, anaandika uniti za umeme asubuhi na jioni. Juzi kaniuliza kwa nini tunanunua vitumbua kila siku wakati mchele upo ndani.

Na bado nampenda, hapo ndipo panaponichanganya. Zamani ikifika jioni nilikuwa naanza kutega sikio. Akikohoa pale kona ya msikiti, najua huyo anakuja. Mkononi hakosi kitu: kashata, karanga kwenye kikaratasi, na mshahara ukitoka, samaki changu wa soko la Feri. Na maneno ya njiani sasa! Nani kagombana na nani kwenye pantoni, nani katumbukiza simu baharini akijipiga picha. Sasa hatoki, kwa hiyo harudi. Tunashinda wote sebuleni, ikifika jioni hana la kunihadithia maana yote tumeyaona pamoja. Nimemmisi mume wangu, na yupo hapo kwenye kochi.

Nifanyeje bila kumuumiza? Nawasilisha.

Mtoto wa Mbagala

Shikamoo mama. Mimi sina ndoa wala dalili, nimekaa siti ya mbele nasoma.

Bila Kona

Mama yangu, wenzako waume zao walipopata kiinua mgongo walipotea, wakaja kuibuka baadaye na nyumba ndogo ina mtoto anatembea na hela hakuna. Wako anahesabu uniti za LUKU unakuja kulia hapa? Kunywa chai na mumeo mezani, funga uzi.

Mama wa Mjimwema

Marahaba mwanangu wa Mbagala.

Bila Kona, sijalia. Kushukuru nashukuru, na sijui kama wewe unashukuru kunizidi. Nimeuliza habari ya saa moja ya asubuhi, sijaomba talaka.

Shangazi wa Tandika

Umemjibu vizuri. Mwanamke akisema anataka kukaa peke yake, hawa wanasikia anataka kukaa na mwingine.

Mie ushauri wangu ni wa kizamani. Vuka nenda Mtaa wa Uhuru, tafuta kanga yenye jina la kumfikia, ivae asubuhi, pita mbele yake mara mbili. Hutafungua hata mdomo.

Mama wa Mjimwema

Shangazi, nilishafikiria. Huyu ni mhasibu. Jina hatalisoma, atauliza doti nimenunua shilingi ngapi.

Mstaafu wa Tabata

Dada yangu, salaam. Nimestaafu kabla ya mumeo, enzi hizo tukiwa PSPF, kabla mifuko ya pensheni haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Ninachosema nimekipitia.

Mtu kazoea kuamkiwa na mlinzi getini. Vijana wanasimama mlangoni na mafaili, hakuna hela inayotoka bila sahihi yake. Siku moja anaagwa kwa soda na hotuba, anapewa saa ya ukutani. Jumatatu inayofuata hakuna binadamu anayetaka maoni yake juu ya kitu chochote. Simu ikilia anaikimbilia, kumbe ni mtandao unamkumbusha kifurushi kimekwisha. Usidhani ni gesi inayomsumbua. Anatafuta mahali ambapo sahihi yake bado inatakiwa, na pa karibu ni jikoni kwako.

Mimi niliwakagua wajukuu madaftari mpaka wakaacha kuja likizo. Kilichonitoa ni kijiwe cha kahawa hapa Bima. Asubuhi kahawa chungu na kashata, siasa kidogo, Simba na Yanga sana, jioni bao. Na mke wangu hakunifukuza nyumbani, hilo nataka ulisikie. Alichofanya, nikirudi ananiuliza, "Wanasemaje huko?" Nikajiona nina habari za kuleta. Siku hizi nikisikia jambo zito pale kijiweni naondoka mapema nikamwambie yeye kwanza.

Tahadhari moja: asije mtu akamshauri mradi ili mradi atoke nyumbani. Nina wenzangu waliozika kiinua mgongo kwenye kuku wa mayai na daladala mbovu. Hela ikae benki kwanza, yeye mwenyewe atulie.

Kuku Kwanza

Mzee wangu shikamoo, ila kuku hawana kosa. Wanaofeli ni wanaofuga kwa simu. Mama, ninavyo vifaranga chotara vya siku moja, chanjo wamepata, njoo inboksi.

Mtoto wa Mbagala

Mwenye vifaranga hakosi uzi wowote humu. Hata wa misiba yupo.

Dada wa Kimara

Mnazunguka mbuyu wote huu wa nini? Si amwambie tu. Mume wangu ni dereva wa malori, anakwenda Tunduma na kupitiliza. Akirudi, siku ya kwanza mfalme, siku ya pili mfalme, ya tatu namwambia baba toka kidogo ukatembee, nataka kufagia na kuimba. Hajawahi kununa. Mama, mmeishi pamoja muda wote huo, unamwogopea nini?

Binti Sinza

Nimesoma huu uzi nikajifikiria. Mimi na mchumba wangu tunachati toka alfajiri. Nimekula nini, yuko foleni ya wapi, hata chipsi mayai natumiwa picha kabla hazijaliwa. Jumamosi tukikutana ufukweni Coco, tunakula mihogo kila mtu na simu yake. Nilijua tumechokana. Leo nimezima data mpaka jioni, nione atakuja na lipi.

Bila Kona

Akija na mtu mwingine usilete uzi.

Abiria wa Magogoni

Mama shikamoo. Wote mmepita karibu ila hamjagusa penyewe. Kazi si tatizo lake huyo mzee. Kakosa pantoni.

Nimezaliwa Kigamboni, navuka tangu nauli ni 100, kabla haijapanda kuwa 200 mwaka 2012 na kelele zake zote. Safari yenyewe ni dakika chache. Lakini wanaovuka saa ile ile kila siku wanajuana kuliko majirani. Kuna wa juu, kuna wa kwenye ngazi, kuna wale hawakai hata siti zikiwa tupu. Mtu asipoonekana siku mbili tatu anaulizwa. Ofisini walimuaga, wakampa na hiyo saa ya ukutani anayosema mzee wa Tabata. Wa kwenye pantoni nani kawaaga? Kakatika tu, na wao wanajiuliza kama mzima.

Mtume samaki. Avuke asubuhi na watu wake, aingie Feri mnadani. Mhasibu ataipenda ile sehemu, bei inapanda kwa sauti na mbele ya macho yako. Asinunue fungu la kwanza analoliona. Samaki amtazame jicho, liwe limejaa na linang'aa, likishaingia ndani na kupata ukungu aachane naye. Afunue shavu aone wekundu. Abonyeze mgongo, kidole kikiacha shimo asogee meza nyingine. Wa kupaa magamba wapo pale pale, anawapa chao wanamalizana. Kurudi asirudi na haraka, msongamano ukishapungua anapata na siti.

Na lile daftari aende nalo. Badala ya uniti aandike bei ya changu, kolekole na vibua. Kusi likikaza vyombo vidogo vinashindwa kutoka na bei inapanda, bahari ikitulia inashuka. Hapo ana kazi ya mwaka mzima na hakuna bosi.

Bila Kona

Kwenda na kurudi 400, kila siku, na samaki. Pensheni yenyewe hii ya kikokotoo, hesabu yao ya mafao?

Mstaafu wa Tabata

Kijana, pensheni haijawahi kuishia kwenye pantoni. Inaishia hospitali. Mwache mzee avuke.

Mama wa Mjimwema

Abiria, marahaba. Umenigusa hapo kwa watu wa pantoni, maana kuna jina moja analitaja taja usingizini na mimi nilishaanza kuwaza mengine. Kumbe ni yule mwenzake wa ngazini. Ngoja nijaribu, nitaleta mrejesho.

Mama wa Mjimwema

Mrejesho.

Nimefanya yote mawili, la dada wa Kimara na la Abiria.

Baada ya Isha nilimwambia: baba, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa moja asubuhi, mlango wa nyuma ni wangu. Akanyamaza. Akauliza, "Na redio?" Nikamwambia na redio. Akakaa kidogo, akasema kumbe. Anasema yeye ile saa kumi na mbili haipendi hata kidogo, anataka kulala. Anaamka kwa ajili yangu. Miaka yote akifunga geti alfajiri, alikuwa anavuka na mawazo kwamba kaniacha mpweke, sina wa kunywa naye chai. Akaapa akistaafu hataniacha tena peke yangu ile saa.

Mnaona mambo hayo? Mimi nilikuwa najinyoosha kwenye kigoda, mwenzangu yuko katikati ya maji ananionea huruma.

Asubuhi kalala mpaka saa mbili, anakoroma. Chai yangu nimeinywa, vitumbua vitatu.

Samaki kaenda siku ya pili yake. Nilisingizia nina hamu ya vibua. Karudi karibu na adhuhuri, shati limelowa, harufu ya Feri imetangulia getini. Vibua kanunua ndoo nzima! Anasema alitaja bei ili ajue tu mnada unakwendaje, wenzake wakanyamaza, akabaki nao. Friji letu dogo, nimegawa kwa jirani wa vitumbua na kwa ustadhi. Lakini tangu anavua viatu anaongea. Watu wake wa ngazini walimshangilia alipopanda, mmoja alikuwa kashasikia amefariki. Muuza kashata kapata pacha. Kuna bwana kajaribu kuvusha kabati la vioo kwa mkokoteni peke yake, hilo kanisimulia mara mbili, ya pili akisimama kunionyesha kabati lilivyoyumba. Mimi napaa samaki nacheka mpaka kisu nimekiweka chini.

Sufuria ya maziwa niliirudisha chini. Asubuhi nimeikuta juu. Hiyo bado tunapambana.

Dada wa Kimara

Si nilisema?

Kuku Kwanza

Hongera mama. Vifaranga bado wapo.

Binti Sinza

Na mimi mrejesho. Jioni kaja mwenyewe mpaka Sinza kwa mguu toka Mwenge, kadhani nimeibiwa simu. Tumekaa nje kwa mangi tunakunywa soda mpaka mangi kafunga. Data nimewasha leo.

Abiria wa Magogoni

Mama, mwambie mzee pale mnadani akae na mikono mfukoni. Akijikuna sikio tu kesho analeta papa.

Shangazi wa Tandika

Ndoo nzima ya vibua uliwafanyaje wewe?

Mama wa Mjimwema

Waliobaki, nusu nimewatia chumvi na ndimu nikawaanika. Nusu nimewakaanga wakawa wakavu, jioni tukala na ugali, mchicha na kachumbari ya pilipili nyingi. Yeye kala wanne. Kwenye daftari kaandika watatu.