Ipi inafundisha zaidi: Concept 30 ya mafuta, FMS au Flight Simulator 98?

Kijana_wa_Uyole
Wakuu, shikamooni. Jumamosi nimefungua sanduku la marehemu mjomba hapa Uyole. Ndani nimekuta helikopta ya rimoti, Kyosho Concept 30 nzima, rimoti ya Futaba yenye antena ndefu, na CD mbili za simuleta, yaani programu za kujifunza kurusha kwenye kompyuta: FMS, ya ndege za rimoti, na Microsoft Flight Simulator 98 (FS98). Helikopta mjomba aliachiwa miaka ya 90 na fundi wa mashine za chai kule Mufindi. Utoto wangu wote niliitazama juu ya kabati, sikuruhusiwa kuigusa. Sasa mwanangu ana miaka 13 na anaitaka kwa moyo wote. Kati ya hizo tatu, tuanze na ipi? Nawaomba mliozipitia.

Gangilonga95
Kamwene! Mimi nasema FS98. Tulikuwa tunairusha kwenye Pentium ya ofisini kwa baba, Iringa mjini, jioni wafanyakazi wakishatoka. Ukiwasha tu uko Meigs Field, Chicago: ziwa kulia, maghorofa mbele upande wa kushoto. Kiwanja kile nilikijua kabla sijakanyaga Dar. Na toleo hilo ndilo lililotuletea helikopta, Bell 206 JetRanger. Machi 2003 niliposikia matingatinga yameingia Meigs usiku na kuchimbua njia ya kurukia, niliumia kama vile wamebomoa uwanja wetu wa Samora.

FundiMafiati
Kaka Gangilonga, mapenzi hayo hata mimi ninayo. Ila kwa mtoto anayetaka kushika rimoti, FS98 haitamsaidia. Mle umekaa ndani, kwenye kiti cha rubani. Ukisukuma kushoto inakwenda kushoto, siku zote. Helikopta ya rimoti wewe umesimama chini. Ikigeuka pua ikakuelekea, kushoto kwako ndiko kulia kwake, na hapo ndipo zinapovunjikia.

FMS inakusimamisha chini, kwenye nyasi, unaitazama ikikujia. Helikopta yake ni pole kuliko ya kweli, hilo nakiri. Lakini mimi nilikaa nayo mwezi mzima, nusu saa kila usiku, pua ikinielekea tu, sifanyi kingine. Siku niliposhika ya kweli vidole vilikwenda vyenyewe.

Jambo moja: asitumie kibodi. Kitufe ukikibonyeza ni yote au hakuna, helikopta haitaki hivyo. Tafuta waya wa kuunganisha Futaba yenyewe na kompyuta, azoee vijiti vilevile.

Mzee_wa_Soweto
Marahaba mwanangu. FundiMafiati kasema kweli kuhusu vidole. Lakini simuleta za wakati ule hazikufundishi masikio, na mimi Concept 30 nimeirusha hapa Mbeya miaka sita.

Injini yake, ya sentimita za ujazo 5 hivi, inakunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Harufu ile ikiingia kwenye koti imeingia. Unaisikiliza: sauti nzito na moshi mwingi, mafuta yamezidi, sauti nyembamba, kali, moshi umekatika, zima upesi kabla haijajiua. Na hapa kwetu, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar kwa asilimia 15 hivi. Sindano ya kabureta, ile inayopima mafuta, ikipangwa pwani, huku inamwaga mafuta mno. Mapanga nayo lazima uyainue pembe zaidi yabebe uzito uleule.

Angalia ncha za mapanga. Panga moja litakuwa na utepe wa rangi. Yakizunguka kwa kasi, simama mbali na utazame ukingo wake. Ukiona duara mbili badala ya moja, panga moja linapita juu ya mwenzake. Utepe ndio unaokuambia ni lipi. Zima, geuza kiungo chake nusu mzunguko, jaribu tena. Mimi kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima, na helikopta ilipotulia bila kutetemeka nilikaa chini kwenye umande nikaitazama tu.

Jairo ya zamani, kifaa cha kutuliza mkia, ina magurudumu ya shaba yanayozungushwa na kimota. Ukiwasha inalia kama mbu. Inapunguza mkia kuchepuka, haiushikilii, kwa hiyo kidole gumba cha kushoto hakipumziki. Na kumbuka waanzilishi wa helikopta za rimoti, akina Dieter Schlüter, Ujerumani, kuelekea 1970, walianza bila jairo kabisa!

Chini ya miguu ya helikopta funga mianzi miwili mirefu kwa msalaba, ncha uzivishe mipira ya plastiki. Wiki tatu za mwanzo isivuke goti.

Mama_Chai_Njombe
Baba Mzee, shikamoo. Kaka wa Uyole, tafadhali: moto wa methanoli juani hauonekani kwa macho, na yenyewe ni sumu, hata kupitia ngozi. Mtoto asichanganye. Mapanga ya mbao ya miaka 30 usiyazungushe hata mara moja kabla hujayakagua penye bolti. Betri za rimoti na za helikopta, nunua mpya. Kuhusu mahali pa kurushia, waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwanza.

Kijana_wa_Uyole
Ndaga fijo nyote. Tumeanza na FMS, waya umepatikana Mwanjelwa. Umeme ulikatika mara mbili jana usiku, kijana akasubiri gizani na rimoti mapajani. Ulipokatika mara ya pili alikuwa amefikisha sekunde 11, pua ikimwelekea.

Dada wa Njombe, umeniokoa. Nimeyapangusa mapanga: utepe mwekundu upo, umefifia, na penye bolti ya panga lenye utepe kuna ufa mwembamba kama unywele. Nimeyatoa yote mawili, nimeyatundika ukutani juu ya kompyuta.

Mzee wangu, Jumamosi tukuletee hiyo jairo uisikilize?

Mzee_wa_Soweto
Ileteni saa 12 na nusu asubuhi, upepo haujaamka. Kijana aje na koti.